Shemeji Polycarpe na mukia wa koti

Kingi, Jumatatu, tarehe 3 Mei 1954

Nimeamua. Shemeji yangu Polycarpe ataoa mwaka huu, apende asipende! Yeye njo ndugu mudogo wa bwana yangu Isidore. Mwaka jana alikuja kulala kwetu usiku mumoja. Mpaka leo analala chumba cha mbele. Anakoroma. Mutoto wangu Anne akimusikia, anaamuka, analia. Mimi pia ningelia, lakini nani atanibeba?

Kufukuza ndugu ya bwana ni aibu. Njia iko moja tu: kijana akioa, anahamia kwake. Nyumba yake ile pale, chini ya shamba. Miti imesimama, nyasi iko juu, udongo bado. Mwaka muzima, udongo bado!

Musichana nimekwisha kumuchagua. Adelaïde wa kijiji cha Muheto. Mutu wa kazi, na anacheka vizuri. Polycarpe anamupenda. Najua, kwa sababu akimuona anatazama miguu yake mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4

Mungu amenionyesha! Nilikuwa napalilia maharagi, Anne mugongoni. Kwenye nyasi ndefu, ndege dume. Mweusi kama chini ya sufuria. Mukia murefu kupita mwili. Shingoni nyekundu, kama amefunga kitambaa. Majike ni wadogo, rangi ya nyasi kavu tu. Dume anaruka polepole juu yao, mukia unaning'inia, kama mutu anayesema: nitazameni. Nao wanatazama! Ndege asiye na hata jembe ana wake watatu. Polycarpe ana jembe, na hana hata mumoja.

Jawabu ni ile nyekundu. Nimekata pembe ya kikwembe changu chekundu cha kujifunga Pasaka. Imeniuma sana.

Jumatano, tarehe 5

Nilimufunga kitambaa shingoni, nikamutuma Muheto na ndizi kwa wazazi wa Adelaïde. Alirudi na jicho limevimba.

Njiani alikutana na Séraphin, ambaye naye anamutaka Adelaïde. Séraphin akauliza hiyo nyekundu ya shingoni ni ya nini, anatafuta vita? Polycarpe akajibu kwamba hajui, aulize shemeji. Ngumi ikaja. Adelaïde hakuona kitu, alikuwa ameenda kuteka maji.

Isidore alicheka mpaka akaketi chini. Nikamupunguzia bugali.

Alhamisi, tarehe 6

Nimerudi kwenye nyasi zangu. Kumbe! Ile nyekundu si ya wanawake hata kidogo. Dume mwingine akikaribia, yule wa kwanza ananyoosha shingo, anaonyesha kitambaa chake, na mwenye nyekundu hafifu anakimbia. Ni ya kutisha wanaume wenzake! Maskini jicho la Polycarpe.

Majike wanatazama mukia. Mvua ilipoanza, wenye mukia mufupi walijificha. Yule wa mukia murefu aliendelea kuruka, mukia umelowa, muzito kama gunia la mihogo. Hapo nikaelewa kabisa. Dume muzembe hawezi kubeba mzigo kama ule. Jike anapima nguvu na kazi, hapimi pambo.

Kwa hiyo Polycarpe anahitaji mukia.

Isidore ana koti la mvua. Polycarpe akilivaa linafika chini. Safi!

Jumapili, tarehe 9

Aibu. Aibu kubwa.

Baada ya misa nilimuvalisha koti. Jua kali, lakini chini bado matope ya mvua ya jana. Nikamwambia apite mbele ya wasichana polepole, ageuke kwa nguvu, koti liruke. Alisema shemeji, tafazali, hapana. Nikasema basi leo atakula koti. Akapita. Akageuka. Akakanyaga mukia wake mwenyewe, akaanguka juu ya Mama Geneviève na kikapu chake cha maharagi. Mama Geneviève njo mama ya Adelaïde! Kwetu kijana haangalii hata uso wa mama mukwe. Huyu amemulalia!

Séraphin akapiga mikono, akauliza nani ameangusha gunia.

Nilikaa pembeni nikalia, na Anne akalia nami. Usiku uliotangulia hatukuwa tumelala hata kidogo. Polycarpe akaja na matope yake, akamuchukua mutoto bila kuambiwa, akasema shemeji, pumzika kidogo. Nikasinzia palepale kwenye majani.

Nilipoamuka, maharagi yote yamekwisha kuokotwa na kuoshwa, kikapu kiko kichwani mwa Polycarpe, Anne amelala kifuani mwake. Adelaïde anatembea karibu naye, anacheka. Sikufurahi. Polycarpe alikuwa amevua koti na kumufunika nalo mutoto! Nikamufokea alivae vizuri, anaharibu mukia.

Jumapili, tarehe 30

Adelaïde amekubali! Eti alimwambia mama yake hivi: mwanaume anayebeba mutoto wa mwenzake bila kutumwa, huyo hatamuacha ashike jembe peke yake. Mama Geneviève akajibu kwamba pia ni muzito vizuri, yeye anajua.

Nimecheka sana. Wasichana hawajui macho yao yameona nini. Ni koti! Ni mukia! Lakini simwambii. Nimemupiga busu Anne, nikapima kwa hatua pale nitakapotandika mukeka wangu chumba cha mbele.

Jumatatu, tarehe 28 Juni

Wameoana Jumamosi. Ngoma, pombe ya ndizi, mbuzi. Jana jioni hodi. Polycarpe na Adelaïde, na mukeka, na sufuria mbili. Nyumba yao haina udongo, watakaa kwetu kidogo tu.

Sasa wako wawili chumba cha mbele. Yeye anakoroma, bibi anacheka. Asubuhi Adelaïde ameosha vyombo vyote na kumuogesha Anne, hata kumukasirikia siwezi. Isidore ananiuliza si mimi niliyetaka aoe?

Lakini sijashindwa. Shangazi ya Isidore, Emérita, aliyetoka Walikale kwa arusi, ametuelezea ndege hondohondo wa musituni. Jike anaingia ndani ya tundu la muti, mulango unazibwa kwa udongo, inabaki nafasi ya mudomo tu. Anakaa humo mpaka watoto wanakua, na dume anamuletea chakula. Udongo! Tatizo letu lote lilikuwa udongo, na ndege wanajua!

Kesho nitawaambia waende kutazama nyumba yao. Wakiwa ndani, nitaanza kukandika. Nitaanzia mulangoni.