Paneli ya Bibi Bu na Wiki Isiyo na Miungu

Ma Du-shik aliposikia kwamba umeme umepanda bei Hallim, kisiwani kwetu, alitabasamu kama paka aliyeachiwa dagaa. Jamaa huyu wa bara, mdomo asali, alikuwa na paneli moja tu ya kweli ya sola, aliyoichomoa kwenye zizi la watu. Zile kumi na mbili zilizobaki garini zilikuwa mbao zilizopakwa rangi ya buluu. Ile ya kweli ndiyo ilikuwa jembe lake: unamfungia mteja siku tatu ajaribu bure, mteja anaona taa inawaka, anatoa malipo ya awali ya paneli sita. Kisha unaishusha, eti ukaifunge upya pamoja na hizo nyingine, na huonekani tena.

Alianzia kwa Bibi Bu Chun-ok, mpiga mbizi mstaafu, mwenye mgongo usiopatana na baridi.

"Sitaki," bibi akasema. "Wanasema zinachachusha kimchi, kabichi yangu ya mtungini."

"Lakini bibi, kimchi si huchachuka tu?"

"Yangu huchachuka kwa wakati wake. Na upepo wa huku utaibeba hiyo mpaka Japani."

"Nitaikaza kwa boliti kumi na sita. Hata mimi mwenyewe sitaweza kuing'oa."

Hapo bibi akamtazama vizuri. "Leo tarehe ngapi?"

"Mosi Februari."

"Basi panda upesi, kijana."

Siku tatu bibi alilala juu ya mkeka wake wa umeme, mlango wazi, ili mtaa mzima uone anavyopata joto la bure. Siku ya nne Du-shik akaja na spana. Akamkuta bibi ameshika ngazi.

"Usipande. Miungu imerudi."

"Miungu gani tena?"

Masikini, mtu wa bara. Hapa kisiwani miungu ya nyumba huenda juu mara moja kwa mwaka, mwisho wa Januari hadi mosi Februari, kupokezana zamu, na ni wiki hiyo tu tunapohama nyumba na kupigilia misumari. Ikisharudi, anayebomoa kitu nyumbani anajitafutia maradhi. Yeye hakuuliza, nasi hatukuwa na haraka ya kumwambia.

"Basi nipe malipo yangu ya awali."

"Karatasi yako inasema nilipe jaribio likiisha. Litaisha mwakani, tukiishusha."

"Na sisi tunangoja tuone litakavyoisha," akasema Yang muuza samaki kutoka mlangoni, na foleni yote ya majirani waliotaka paneli ikaitikia.

"Nitaita polisi."

"Waite. Uwaonyeshe na risiti uliyonunulia."

Du-shik akarudisha spana mfukoni. Alipogeuka kuondoka, bibi akamwita.

"Chumvi ya bahari inaganda pale juu. Ukiiacha, mwakani utakuta paneli yako imeoza."

"Si umesema nisiguse?"

"Nimesema usibomoe. Kufuta ni usafi, na miungu yetu inapenda usafi."

Sasa kila Jumamosi Du-shik hupanda na ndoo kulinda mali yake ya wizi. Bibi humsimamia kutoka kwenye mkeka wake wa moto, chungwa mkononi.

"Kona ile bado, mwanangu."