Mrenda Kwenye Rejeta

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Sandra, una haya wewe? Tangu Krismasi! Mahindi yamepandwa, yameota, yamefika magotini, na wewe bado unasema utakuja wikendi. Wikendi gani hiyo isiyokuwa na Jumamosi? Daftari hili uliniletea mwenyewe ukasema, kukhu, bibi yangu, andika mambo yako. Haya, naandika. Shule sikuiona hata kwa kuchungulia dirishani. Herufi hizi nilifundishwa na mke wa mchungaji nikiwa tayari na wajukuu saba. Zikikaa vibaya, zikalishe wewe. Na ukitaka kusoma, njoo. Daftari liko chini ya gunia la maharagwe. Picha kwa simu situmi.

Sasa sikia. Asubuhi nimetoka kufungulia kuku. Chini ya gari yangu ya Probox kuna dimbwi. Nikafikiri ni mbwa. Mbwa gani ana maji mengi hivyo! Nikainama. Tone. Tone. Tone. Gari inalia.

Nikamwita Wepukhulu, fundi wa pale Kanduyi. Amekuja na tochi na uso wa msiba. Akasema rejeta imepasuka, pale bati linapokutana na plastiki. Rejeta ni lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini, kama hujui, na najua hujui. Haizibiki, anasema, ni kununua mpya. Na ndani nisitie maji ya kisima tena, nitie kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwa galoni. Nikamwambia maji ni maji. Akasema hapana mama, hayo yako ndiyo yameleta kutu yakaila hii kitu. Maji ya kisima changu! Kisima alichochimba babu yako kwa mikono yake! Nikamnyima chai.

Lakini roho inaniuma. Jumamosi saa nne Jelimo anatoka hospitali kule Kitale. Wiki sita, mguu uko juu kama mti wa bendera. Wanawe wako mbali, hakuna aliyesema atakuja. Jelimo unamjua: yule wa Tongaren, jirani yangu enzi zile za skimu, tulipogawiwa mashamba. Mama yako alizaliwa kwenye mkokoteni wake, mvua ikinyesha, Jelimo akivuta ng'ombe kwa kamba huku akinitukana nisizae kabla hatujafika kwa lami. Nilizaa kabla ya lami. Sasa nimemwahidi: utatoka humo ndani ya gari yangu. Akalia. Jelimo! Huyo hakulia hata siku mfupa ulipotokeza nje.

Jioni amepita Agneta, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, na ile gari yake nyeupe inayopuliza baridi ndani. Amesikia. Akasema nisijisumbue, yeye atamchukua Jelimo, na picha ataweka kwenye grupu. Nikamwambia Jelimo si keki ya harusi.

Jumanne, tarehe 5

Dereva wangu ni shemeji yangu Khaemba. Aliendesha trekta miaka thelathini, na mpaka leo akishika usukani anatazama nyuma kuona kama jembe linachimba. Amesema zamani lori likivuja walikuwa wanapasua yai ndani ya rejeta. Yai linaiva, linaziba tundu.

Nikakaa nikawaza. Yai! Kuku wangu aatamie nini? Na yai likishaiva linakatika. Kitu cha kuziba ni kile kinachovutika. Hapo akili ikanijia, Sandra, mpaka nikasimama.

Mrenda!

Mboga gani nyingine inavutika hivyo? Ukiinua kijiko, mrenda unakufuata mpaka mlangoni. Mpe mgeni wa Nairobi, atapigana nao kama mtu aliyenaswa na kamba. Nani amewahi kuona mrenda ukidondoka tone moja moja? Nimechuma karai zima. Nimepika na munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, maana bila munyu mrenda ni majani tu ya mbuzi. Nimeuacha upoe. Khaemba ameshika faneli, mimi nimemimina. Sufuria mbili. Akaniambia mulamwa, yaani shemeji, sasa tukasonge ugali. Mjinga.

Tumewasha. Tumengoja. Nimelala chini kwa tumbo, na miaka yangu sabini na moja, ninaangalia. Hakuna tone! Hata moja! Nimecheza mpaka kuku wamekimbia.

Nimempigia Agneta simu kumwambia tumepona. Akauliza kwani nani alikuwa mgonjwa. Nikakata.

Jumatano, tarehe 6

Leo mazoezi ya kwaya. Nimeenda na gari ili watu waone. Nimemwambia Khaemba aegeshe karibu kabisa na ya Agneta, ubavu kwa ubavu.

Tulipofika injini ilikuwa inachemka. Moshi. Na harufu tamu, tamu kabisa; mama mmoja wa sauti ya pili akauliza jikoni kuna nani leo. Khaemba akaenda kufungua kifuniko cha rejeta. Rejeta ikiwa moto kifuniko hakiguswi. Hata mimi najua, kwa sababu sasa nimeona. Mrenda umeruka mpaka kwenye mabati ya kanisa. Ukarudi. Ukatua kwa gari ya Agneta, ukashuka polepole kwa kamba ndefu za kijani, kutoka juu mpaka kwa taa. Khaemba aliruka kama beberu. Ameungua kidole kimoja tu, nacho nimekipaka asali.

Agneta alisogea. Alitoa kitambaa. Akapangusa. Mrenda ukaja na kitambaa. Akavuta. Akarudi nyuma hatua nne, bado umeshikana na gari. Sandra, nilitaka kumwonea huruma. Nilijaribu kweli.

Wepukhulu amekuja, amefungua, amechungulia ndani. Halafu akauliza, mama, ulitia munyu? Nikamwambia kwani kwenu mrenda mnapika na nini? Akasema munyu unakula aluminiamu, na bati la rejeta hii ni aluminiamu tupu. Ulikuwa ufa mmoja, sasa ni chujio la chai. Alikuwa karibu kulia. Ati munyu unalainisha mboga, na rejeta nayo imelainika. Nikasema basi ilikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Chuma cha kweli hakiogopi majivu.

Siku tatu zimebaki. Jelimo amepiga simu kuuliza kama avae gauni la bluu. Nimesema vaa.

Alhamisi, tarehe 7

Yule mbuzi wa kahawia ameondoka, rejeta mpya imekuja. Usiniulize. Wepukhulu ameosha injini kutwa nzima kwa mpira wa maji. Mrenda unatoka tu, hauishi, kama habari za ukoo.

Mimi nimeenda Bungoma mjini kununua kulanti. Dukani nikashangaa: kuna nyekundu, kuna kijani, kuna bluu, zimepangwa kama soda. Muuzaji, mama mmoja wa miwani, akasema nisiangalie rangi, rangi ni rangi tu, niangalie kitabu cha gari kinataka aina gani. Nikatoa kitabu. Kijapani! Nikamwambia mama, kwangu Kijapani na Kiingereza ni mapacha, soma wewe. Akageuza hivi, akageuza vile, akashindwa. Na cheti cha chuo amekitundika ukutani! Tukacheka mpaka mteja mwingine akaondoka.

Nikampigia Wepukhulu. Amesema kwa Probox hii ni ile nyekundu ya kukaa miaka, iliyokwisha kuchanganywa na maji safi kiwandani, na nisije nikaichanganya na nyingine. Nikauliza gari ya Agneta inakunywa gani. Akasema nyekundu hiyohiyo.

Kunywa kikombe kimoja na Agneta!

Nimenunua mbili. Nyekundu ya kumnyamazisha fundi. Kijani ya moyo wangu.

Ijumaa, tarehe 8

Wepukhulu amefunga rejeta. Amejaza nyekundu taratibu, akaacha injini ingurume, akatoa hewa, akaongeza. Hakuna tone. Kisha ameniapisha hapo uani, mkono juu, mbele ya Khaemba: mama, usiguse. Nimeapa. Nimempa chai na viazi vitamu, ameenda zake.

Galoni ya kijani imebaki mezani inanitazama.

Nimefagia. Inanitazama. Nimepeta maharagwe. Inanitazama tu. Nikajiuliza: nitamchukuaje Jelimo na maji ya Agneta tumboni mwa gari? Na mboga moja imejenga nani? Hata kwaya ina sauti nne. Nikamwita Khaemba. Fundi aliponiapisha mimi hakumtaja yeye, kwa hiyo yeye hakuapa. Amefungua kizibo cha chini, tumetoa nusu, tumetia kijani nusu. Imekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa. Khaemba akasema rangi hii hajawahi kuiona kwa gari yoyote. Nikamwambia ndiyo maana yetu itakuwa ya kwanza.

Jumamosi, tarehe 9

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana Khaemba hata kwa lami analima. Mimi na gauni langu la gomesi la Jumapili, mto wa Jelimo mapajani. Webuye, sawa. Kamukuywa, mshale wa joto ukaanza kupanda. Khaemba akasema mulamwa, tukiwasha hita ya ndani, joto litatoka kwa injini lije kwetu. Ni kweli! Lilikuja lote. Madirisha wazi, hita mwisho, viatu tumevua. Kufika Kiminini nilikuwa nimeiva kama kiazi cha kwenye majivu. Hapo Agneta akatupita, vioo amefunga, sweta amevaa. Alipiga honi mbili ndogo. Za huruma. Hizo ndizo mbaya.

Kutoka hapo tulikwenda kidogo, tukasimama, ikapoa, tukaenda kidogo. Saa saba gari ilikufa langoni mwa hospitali. Tukaisukuma ndani, mimi, Khaemba na mlinzi. Khaemba alingoja ipoe kabisa, akafungua. Ndani ni uji. Uji wa wimbi, mzito, wa kulamba kidole! Hizo kulanti mbili ziligombana zikagandana.

Nikaenda wodini nikijua nimeshindwa. Jelimo angekuwa ameshafika kwake, ameshapigwa picha.

Sandra, nimemkuta kitandani! Gauni la bluu, begi magotini, mikongojo ubavuni. Agneta amesimama hapo amenuna. Masaa matatu Jelimo amekataa kutoka! Wauguzi wamembembeleza, daktari amembembeleza, mgonjwa mwingine yuko kwenye benchi anangoja hicho kitanda. Yeye anasema aliahidiwa Probox. Akanitazama, jasho, miguu mitupu. Akasema Edinah, umechelewa, mimi hapa nimezeeka mara ya pili.

Nikamwambia ukweli. Gari imekufa. Nikasema kwa sauti ndogo, panda tu ya Agneta, dada, ina baridi nzuri. Maneno hayo yamenikwaruza koo mpaka sasa. Jelimo akauliza Probox ina milango? Nikasema minne. Viti je? Vipo. Akasema basi mimi napanda hiyo; itaendaje, ni shida yenu.

Akapanda. Akanyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma, mto chini. Akafunga mlango, akafunga na mshipi. Hakuna wa kumtoa.

Agneta akatutazama, mimi na Khaemba na uji wetu. Yule mwanamke ana moyo. Naandika hapa tu kwa sababu daftari limefichwa. Alivua sweta, akafungua buti ya gari yake kwa nyuma, akatoa kamba.

Tumevutwa, Sandra. Kutoka Kitale mpaka Tongaren, kwa kamba, mwendo wa mazishi. Jelimo alishusha kioo akapunga mkono kila soko. Watu walipunga pia. Wazee wengine walivua kofia. Mlangoni kwake alishuka mwenyewe, hatua kwa hatua, akanishika shingo akanikumbatia mpaka mkongojo mmoja ukaanguka, na hatukuuokota haraka.

Jumapili, tarehe 10

Kanisani wote wanamsifu Agneta. Nimewaeleza mmoja mmoja kwamba Jelimo alikuja ndani ya gari yangu. Agneta alikuwa mbele tu.

Baada ya ibada Wepukhulu amekuja kwangu, maana jana usiku Agneta alituvuta mpaka nyumbani, amemwaga uji, amesuuza mara tatu, ametia nyekundu, na galoni ya kijani iliyobaki ameondoka nayo kwapani. Amenifundisha tena kama mtoto: aina moja, usichanganye, munyu ubaki jikoni, kifuniko cha moto usiguse. Nimeitikia yote. Nimeelewa. Rejeta sitaigusa tena maisha yangu yote.

Ila jana tukivutwa nilisikia breki. Kwii! Kwii! Kila tukisimama, kwii! Nimemuuliza. Amesema pedi zimekwisha, ni kununua. Kununua! Huyu mtu hana neno lingine? Mlango wangu wa jikoni ulikuwa unalia hivyohivyo. Niliupaka samli, na mpaka leo haujasema kitu. Samli ninayo kibuyu kizima. Khaemba ameshatoa magurudumu mawili, anasema ikitosha tutapaka yote manne.

Kwa hiyo ukija, na uje Jumamosi hii si nyingine, usipitie langoni, hapo ndipo tutakapojaribu kama breki zinashika. Pitia ndani ya mahindi, upande wa nyuma, na usimame kando ya lile tangi la simiti mpaka nikuite.