Ng'ombe wa Miguu Mitano

Jumatatu, 3 Machi 2025

Masanduku yamefika! Manne, kutoka machimbo ya Bonde la Ufa. Ndani, vipande vya wanyama wadogo wa udongo wa kuchomwa: kwato, pembe, nusu ya kichwa. Daktari Wavinya, mkuu wa maabara yetu ya vitu vya kale hapa mjini, amesema ni vya miaka elfu tatu. Nikakaa chini. Mimi Nzuki wa Riruta, kibarua wa kuosha vipande kwa mswaki, nimeshika pembe iliyofinyangwa kabla Nairobi haijaitwa Nairobi! Joyline, kibarua mwenzangu, akaniambia nisiangushe. Anajifanya bosi.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amemsifu Joyline mbele ya wageni. Eti anaandika nambari vizuri. Nambari! Basi nina mpango. Nitaunga vipande, nitoe ng'ombe mzima. Jina langu liingie kwenye ripoti. Jioni nimepita kwa fundi viatu, nikanunua gundi ya soli. Amesema ikishika, imeshika. Safi.

Alhamisi, 6 Machi

Wenzangu walienda kula. Mimi nikasingizia Kwaresima, nikabaki. Dakika arobaini. Kichwa kikaingia shingoni, tumbo likakaa chini ya mgongo, miguu ikajipanga. Akasimama! Anatosha kwenye kiganja, lakini alinitazama kama anayeuliza wenzake walikwenda wapi. Nywele zilinisimama.

Joyline akaingia, akahesabu. Miguu mitano. Nikamwambia wa tano ni mkia. Akauliza mkia umeanza kuota kwato lini.

Daktari aliporudi kutoka kula, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole kwamba vipande vimetoka mashimo matatu tofauti, na kwamba kichwa si cha ng'ombe hata kidogo, ni cha kondoo. Kesho nitenganishe vyote bila kubandua hata chembe. Nikiharibu kimoja, nisirudi.

Ijumaa, 7 Machi

Gundi haitoki. Maji ya moto, wapi! Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Joyline akaniangalia weee, halafu akafungua mkoba, akatoa chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha.

"Shika pamba, Nzuki. Na usisugue, unagusa tu."

Daktari akaruhusu. Tukafanya kazi hadi saa tisa, bega kwa bega. Tumbo ndilo lililoachia mwisho. Joyline akaligeuza, akainamisha taa.

Alama ya kidole gumba! Mistari yote ipo, kana kwamba mwenyewe ameondoka jana kuteka maji. Daktari alisema huenda ni ya mama fulani, hatutamjua kamwe. Joyline akanong'ona, "Jamani. Kuna mtu hapa." Hakuna aliyesogea. Machozi yalinitoka, nikasema ni ile dawa.

Nimeambiwa nirudi Jumatatu. Bila gundi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikiwaza: miaka elfu tatu ijayo, nani atanijua mimi? Nimeenda Uthiru kwa jamaa anayejenga, nikachota udongo mwekundu, nikafinyanga ng'ombe wangu. Tumboni nimebonyeza gumba langu, kwa nguvu. Sasa yuko kwenye jiko la makaa, anaiva. Kesho atalala chini kabisa kwenye sanduku la nne. Daktari hawezi kujua.

Ameanza kupasuka mgongoni. Vizuri sana. Anazidi kuonekana wa zamani.