Bahasha ya Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Mshahara umeingia. Mwezi jana pia uliingia, ukatoka kimyakimya kwa kadi. Ndiyo kasoro ya kadi: haiumi. Leo nimetoa zote taslimu, nikazigawa kwenye bahasha. Kodi, chakula, cherehani. Cherehani ya mke wangu imekufa, naye ana mapazia ya nyumba nzima ya kukabidhi Jumapili. Asipokabidhi, mteja anahamia kwa mshonaji wa ghorofa ya chini. Nimemwahidi kuwa Jumamosi itakuwa imepona. Amesema ahadi zangu zimejaa kabati. Kadi nimemkabidhi mama mkwe, anayekaa nyumba ya nyuma. Na benki naweza kubishana. Na mama mkwe nitaanzia wapi?

Jumanne, 4 Machi
Taslimu inauma kweli. Nilitoa noti kubwa, mwenye duka hana chenji. Akanishauri niongeze kitu hadi tuikaribie noti. Nimerudi na sabuni, na ndoo yenye mfuniko. Mke wangu ameuliza ndoo ya nini. Nimemjibu ni ya nidhamu. Ameendelea kupiga pasi. Bahasha ya chakula imepwaya, kwa hiyo imekopa kwa cherehani. Ni ndugu hao, hawatashtakiana.

Alhamisi, 6 Machi
Mhasibu wetu, anayelipia hata chai kwa kadi, amenicheka kwamba natembea na bahasha kama tarishi. Nikatoa burungutu nimwonyeshe mwanamume anayejitawala. Kumbe najichongea. Ofisi nzima imeona. Kabla ya mchana dereva ameomba nimsitiri hadi mwisho wa mwezi, na karani amekuja na mchango wa harusi ya mpwa wake. Zamani nilisema hela ziko benki, basi. Leo ningesemaje, na wameziona kwa macho? Bahasha ya cherehani ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Kilichobaki nimejifichia mwenyewe: nimekiweka kwenye droo ya cherehani. Nani anafungua droo ya mashine mbovu? Kesho nitajazia, sijui kwa hela ipi. Nimechoka. Hela zikiwapo zinachosha, zisipokuwapo zinachosha.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nilikwenda kumdai dereva. Simu yake imezimwa, mlango umefungwa. Kurudi, cherehani haipo. Mke wangu amechoka kusubiri, wameibeba yeye na mama yake hadi kwa fundi. Fundi akavuta droo, akakuta bahasha imeandikwa cherehani. Mke wangu anasema hapo alitabasamu, akajua safari hii nimemkumbuka. Kisha akaifungua. Noti mbili na risiti ya ndoo.

Fundi akasema kwa hela hiyo atatengeneza nusu: itashona kwenda mbele, kurudi nyuma haitaweza. Mama mkwe akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilipomwamkia aliitikia huku anaitazama ndoo.

Jumapili, 9 Machi
Mapazia yamefika kwa mwenyewe. Kila mwisho wa mshono mke wangu ameufunga kwa mkono, vidole vimemvimba. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimeona aibu, aibu kweli, mpaka saa nne hivi.

Kisha nikaelewa. Kosa si langu, ni la karatasi. Bahasha inafunguka kwa kidole kimoja. Dukani kuna sanduku la chuma la kutunzia taslimu, kufuli mbili, zito kama dhambi. Bei yake si mchezo, lakini muuzaji anasema atakata kidogo kidogo kila mwezi, mradi niwe na kadi.

Nimevaa shati safi. Nakwenda kwa mama mkwe kumwomba kadi, mara hii moja tu.