Mgeni wa Saa Saba

Wananchi na madereva wote walitangaziwa kwamba Idara ya Malango, tawi la Malaba, imefikia kilele cha usalama: ratiba ya lango haiwezi tena kuguswa na binadamu. Mkuu wa tawi, Bwana Zephaniah, alikuwa ametoka semina. Aliporudi akafuta ruhusa za watu wote kwenye kompyuta, na ili awe mfano mwema, akafuta na yake. Watu wakampigia makofi.

Shida ilikuwa ndogo tu. Siku hizo kompyuta ilikuwa imeagizwa kumpokea mgeni wa makao makuu: saa saba king'ora kilie, lango lijifunge kwa saa mbili nzima, malori yasije yakamtia mgeni vumbi. Mgeni hakuja, na hakuna aliyekuwa ameiambia kompyuta kwamba ni siku moja. Basi kila siku saa saba king'ora kinalia, lango linajifunga, na kwa kuwa king'ora ni amri, wafanyakazi wanajipanga kumwimbia mgeni ambaye hayupo. Zephaniah anaongoza, uso kwa kwaya, mgongo kwa lango. Sauti anayo, haki tumpe.

Edinah, fundi wa kompyuta, alijaribu kuibadilisha ratiba. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa. Akaingia kwa jina la mkuu, ikamjibu vilevile, bila hata kumwamkia. Akamweleza mkuu kwamba dawa ipo: aandikie makao makuu kule Busia, akiri amejifungia nje, na ruhusa itarudi jioni hiyohiyo.

"Edinah," alisema Zephaniah kwa upole, "mkuu hajifungii nje. Mkuu anaimarisha."

Maskini, alikuwa na sababu. Cheo cha Busia kilikuwa kinamnukia, na Mama Roselyn wa makao makuu alikuwa njiani kuja kujionea kazi yake. Nani aandike barua ya kujichongea wiki kama hiyo?

Huko nje foleni haikuisha. Okwakol, dereva kutoka upande wa Teso, alifika na matoke, ndizi mbichi za kupika. Sasa zimeiva, anazila mwenyewe na kugawia majirani.

Siku ya ukaguzi gari la Roselyn lilikwama nyuma ya malori. Akashuka, akatembea juani, akafika langoni king'ora kikilia. Lango likajifunga mbele ya pua yake. Ndani kwaya ikapamba moto.

Edinah alimwona kupitia vyuma, akamkimbilia mkuu. "Boss, mgeni amefika."

"Najua," alisema Zephaniah bila kugeuka. "Anafika kila siku. Imba."

Okwakol alimhurumia yule mama, akampa ndizi na dumu la kukalia. Roselyn akamuuliza mkubwa wa hapa ni nani.

"Ni yule anayecheza mbele," alisema Okwakol. "Lakini usimsumbue, mama. Saa hizi ana mgeni."

Roselyn akaomba ndizi nyingine, akaketi kutazama anavyopokewa.