Kofia Isiyonywa Maji

Jumatatu, 18 Agosti

Mtoto hakulala. Basi nami sikulala. Nassra ana miezi minane na meno mawili, na yote mawili kayajaribia kwangu.

Ijumaa wifi yangu Tahiya anaolewa. Mama mkwe, Bi Mwanapili, kaja kutoka Bwejuu na kofia ya viua, ile ya vitundu vya kushonwa kwa mkono. Kaishona mwenyewe kwa ajili ya baba mkwe, maana ndiye atakayeozesha. Kaniachia niifue na niitie wanga, isimame wima. Kasema ikitoka vizuri, atabaki kwangu wiki nzima, awe analala na mtoto.

Wiki nzima! Sijawahi kuitazama kofia kwa mapenzi kiasi hiki.

Jumanne, 19 Agosti

Kaka yangu Machano kaniletea kopo la dawa ya kupuliza. Hotelini kwao Kendwa wanapulizia mito ya viti. Mgeni akimwaga juisi, inateleza chini, mto mkavu.

Nikafikiri: vumbi la hapa kwetu Mkunazini, vidole vya Nassra, jasho la baba mkwe. Kofia nimeifua, ikakauka, nikapanda nayo juu kwenye kamba, mbali na mtoto. Nikapuliza. Nikadondoshea tone la maji. Likasimama kama umande kwenye jani la jimbi!

Jirani yangu Mwatima, anayefua kofia za nusu ya msikiti, kachungulia dirishani kwake. Kauliza kama nafukuza mbu. Nimemweleza kwamba kofia hii haitafuliwa tena. Kacheka mpaka kashika kizingiti. Kasema basi yeye keshakuwa maskini, nimkumbuke kwenye sadaka.

Wivu tu.

Jumatano, 20 Agosti

Wanga haushiki.

Nimepika wanga wa muhogo, nimechovya kofia, imetoka kama bata: kavu, haina habari. Nikapika mzito zaidi. Ukateleza. Nikapika mwingine, mzito kama bada, ugali wa muhogo. Khatib, mume wangu, kauliza kama ndio chakula cha mchana.

Nimeivalisha bakuli ili ishike umbo. Nilipoitoa, ikalala. Kofia imepata usingizi, mimi bado.

Nimekwenda kwa Mwatima kuuliza, kwa niaba ya rafiki. Kasema nimwambie huyo rafiki kwamba kitu kisichonywa maji hakinywi wanga. Na nimbusie mwanawe.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepata! Nimekata ukanda wa boksi la nepi, nikauchomeka ndani ya kofia, nikaushikiza kwa uzi. Imesimama wima kuliko mnara.

Mama mkwe kaishika, kaigeuza, kaniangalia. Kasema leo nimekuwa mwanawe wa kumzaa. Nilitaka kusema kitu. Nassra akalia, nikaenda kumnyonyesha. Mtoto ana busara.

Ijumaa, 22 Agosti

Ya msikitini kanisimulia Khatib. Wanawake tulikuwa nyumbani.

Baba mkwe kamshika mkono bwana harusi. Mrashi ukapita. Marashi yakanyunyizwa juu ya kofia, yakagoma kuingia, yakakusanyika, yakateremka yote machoni. Mzee akaozesha huku yanamchuruzika mashavuni. Msikiti mzima ukadhani analia. Bwana harusi akalia. Hata shekhe alipenga kamasi.

Khabari zikafika nyumbani kabla yao. Tahiya kamrukia babake mlangoni. Kasema miaka yote hii hakujua kama anapendwa hivyo.

Mama mkwe kamvua mumewe kofia amfute uso. Ukanda ukachomoka. Mtoto wa kwenye boksi la nepi akatokeza, anacheka.

Mama mkwe akauokota ukanda.

Baba mkwe, macho mekundu, kasema yale yalikuwa machozi na asiulizwe tena. Mama mkwe hakumuuliza yeye. Kaniuliza mimi. Nikasema ni dawa. Kasema kofia ile kaishona kila jioni tangu Tahiya aposwe. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama mkwe karudi Bwejuu na kofia yake mkobani. Kambeba Nassra mpaka mlangoni, kambusu, kanikabidhi. Nimesema shikamoo. Marahaba yake nimeisikia kwa shida.

Nassra anaota jino la tatu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekaa nikatafuta kosa langu. Mtu mzima hukubali kosa. Nimeliona: si dawa, ni mpangilio. Wanga kwanza, dawa baadaye!

Kabatini kuna kofia ya Khatib, ya kwanza aliyowahi kushonewa na mamake. Nshaitia wanga. Iko juu ya bakuli, ngumu kama kifuu. Ikitoka safi, naipeleka Bwejuu kwa mkono wangu, na Mama atarudi nami, wiki yangu ile ile.

Nassra kasinzia. Mwenye akili zake angelala naye.

Natikisa kopo.