Nilivyoenda Kudai Picha za Pete za Njeri

Marafiki, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena mbele ya watu nisiowajua.

Mnamkumbuka Njeri, binti wa dada yangu, yule aliyeolewa na Kiprono hapa Lanet mwezi uliopita? (Mlioalikwa mkakosa kuja, nawajua wote.) Juzi mpiga picha wao, Deno, aliwatumia picha zao. Nzuri ajabu! Keki iko, wazee wako, hata sufuria za pilau ziko. Lakini mahali pa kuvishana pete, hakuna kitu. Pasta anafungua Biblia, halafu ghafla watu wako nje wanarushiwa maua.

Njeri alilia sana. Aliponipigia alikuwa ameshakata tamaa. "Anti, wacha tu. Deno amesema hizo ziliharibika."

"Kwani ni maziwa, ziharibike?" nikamuuliza. "Jumamosi tunaenda huko."

Basi leo asubuhi nikavaa ile suti yangu ya harusi, ya zambarau, na kofia yake yenye manyoya. (Ukienda kugombana, vaa kama mtu mwenye wakili.) Nikakutana na Njeri na mumewe mjini Nakuru, tukapanda ngazi hadi studio ya Deno. Ndani kulikuwa na foleni ya watu wa picha za paspoti, na mbele kabisa mzee mmoja wa koti safi la kijivu. Mimi sikupanga foleni.

"Wewe Deno! Picha za pete ziko wapi?"

Deno ni kijana mpole, mrefu, sauti ya chini, na kwake kila mama ni "mathe". "Sasa mathe. Karibu. Wacha tuongee huku ndani kidogo."

"Ndani kuna nini? Ongea hapa hapa, watu wote wasikie!"

"Mathe, hizo hazikutoka poa. Si tuziache tu?"

Njeri akanivuta mkono. "Anti, aki twende."

"Usinivute! Onyesha hizo picha, kijana. Tena kwa ile skrini kubwa!" (Ni mimi niliyesema skrini kubwa. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.)

Deno akamwangalia Njeri. Akamwangalia Kiprono. Akashusha pumzi, akabonyeza.

Picha ya kwanza: kofia ya zambarau.

Ya pili: kofia ya zambarau na mkono umeinua simu.

Ya tatu ilipigwa kutoka upande mwingine wa kanisa. Kofia nayo ilikuwa imehamia huko. Ya nne, ukikaza macho, unaona kiwiko cha Kiprono kikichungulia chini ya kwapa la mama fulani mwenye mwili wake.

Mzee wa koti akasogea karibu na skrini. "Huyu mama amefunika maharusi kama pazia. Ni nani huyu?"

Mzee akageuka, akaona kofia yangu. Akaangalia skrini. Akarudi kwa kofia.

"Ala!"

Wueh! Nilitamani sakafu ipasuke.

"Nilienda kushoto, mathe akaja kushoto," Deno akasema, hata hakuwa na hasira. "Nikapanda kiti, mathe akainua simu. Nikamwambia bibi harusi zimeharibika. Sikutaka kumwambia ni nani ameziharibu."

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha aende nyumbani. Mimi nikakumbuka kitu. Kama niliinua simu, si nilirekodi? (Hiyo video sikuwa nimewahi kuifungua. Mimi hurekodi, sitazami.)

"Tulieni! Pete ziko hapa!" Nikampa Deno simu aiunganishe na skrini.

Ikaanza. Sauti ya pasta, safi kabisa: "Kiprono, mvishe Njeri pete." Na kwenye skrini, pembe hadi pembe, uso wangu. Nilikuwa nimewasha kamera ya mbele! Nalia, kamasi inashuka, na katikati ya kilio natafuna. (Peremende. Nilikuwa na kikohozi.) Kisha Deno anasikika akinong'ona, "Mathe, tafadhali keti kidogo," na uso wangu unageuka, macho makali: "Kijana, mimi ndiye anti ya bibi harusi!"

Foleni yote ya paspoti iliinama kwa kicheko. Njeri akaegemea bega la mumewe, nikadhani ameanza kulia tena. Kumbe ni kicheko cha kukosa pumzi. "Anti! Kwani hukuona unajirekodi?"

Ningeonaje, na yale machozi? Hata harusi sikuiona.

Nikamgeukia Deno. "Boss, nisamehe. Nimekuja kukuvunjia heshima kwa kazi yako, na makosa ni yangu."

"Hakuna noma, mathe. Na pete si wako nazo? Tupige zingine."

Akashusha kitambaa cheupe ukutani. Kiprono alikuja na jezi ya mpira, basi mzee akavua koti lake akamvisha. Akakubali pia kuwa pasta, na alihubiri kuliko pasta mwenyewe, mpaka Kiprono akamwomba afupishe. Watu wa paspoti wakawa waumini. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mimi nilionyeshwa kiti cha kona, na simu yangu ikabaki kaunta.

Na niwaambie ukweli, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Njeri akivishwa pete. Alikuwa na jinzi na raba, na alikuwa mrembo hadi nikalia upya.

Picha zimetoka vizuri. Zile za kofia pia Njeri amezitaka, na ule uso wangu unaotafuna ameomba uchapishwe mkubwa, uwekwe kwenye albamu. Nimekubali. Ningesema nini?

Sasa msinicheke, tafadhali. Na kama kuna mwenye harusi mwaka huu, anialike bila wasiwasi. Naomba tu kiti cha nyuma. Ikiwezekana, nyuma ya nguzo.